Minyoo ya Watoto na Kisima cha Uani

(Maneno haya yalisemwa na Bwana Afya mmoja mbele ya baraza la wazazi na wenye nyumba wa Migosi, Kisumu. Tunayapiga chapa kama yalivyosemwa, kwa maombi ya wengi waliokuwapo.)

Mwenyekiti aliniomba nizungumze kwa nusu saa juu ya minyoo ya watoto. Nusu saa ni nyingi kwa mtu anayetaka kusifu dawa tu, lakini ni chache kwa mtu anayetaka kueleza jambo lilivyo. Nitajaribu kueleza lilivyo. Sehemu moja ya habari hii inanihusu mimi mwenyewe na nyumba yangu, kwa hiyo msidhani ya kuwa nimekuja kuwakemea.

Kilichonileta hapa ni swali. Mwezi uliopita mama mmoja alinisimamisha njiani, akanionyesha kijana wake wa miaka saba, akaniambia: "Bwana Afya, mtoto huyu alipewa dawa shuleni, nami niliona kwa macho yangu minyoo ikitoka. Sasa tumbo limevimba tena kama ngoma. Je, dawa ile ni chokaa tupu?" Nilimwambia hapana, dawa ni dawa kweli. Akauliza, "Basi mbona minyoo imerudi?" Hapo nilianza kueleza, mtoto akachoka kusimama, mama naye akawa na haraka ya kwenda sokoni, tukaachana kabla sijamaliza. Leo namalizia maneno yale, na kama mama yule yupo, asamehe kwa kuwa jibu ni refu.

Kwanza tuwajue wageni wenyewe. Minyoo ya tumboni si ya namna moja. Mkubwa kati ya minyoo ya mviringo ni ule mweupe uliochanganyika na wekundu hafifu, ambao watu wa pwani huuita chango. Jike lake laweza kufikia urefu wa sentimita 35, yaani kupita rula ya mtoto wa shule, na kwa siku moja laweza kutaga mayai yapatayo 200,000. Mayai haya hayaonekani kwa macho. Hutoka pamoja na choo cha mtoto, na yakianguka penye udongo wenye unyevu na kivuli, kama vile nyuma ya bafu au chini ya migomba, hukaa wiki mbili au tatu mpaka kiluwiluwi kikomae ndani yake. Baada ya hapo huweza kungoja miezi, hata miaka, mpaka yapate kinywa cha kuingia.

Sasa naomba mlishike neno moja, kwa maana ndilo mzizi wa jibu la yule mama. Chango hauzai watoto ndani ya tumbo wakakulia humo. Yai likitagwa ni lazima litoke nje, likae katika udongo, kisha liliwe. Maana yake ni kwamba kila mnyoo mnaouona ukitoka kwa mtoto ni yai moja alilolimeza kwa kinywa chake. Akitoa minyoo ishirini, mjue ya kuwa mayai ishirini, kwa uchache, yaliingia kinywani mwake pamoja na kitu kilichoguswa na choo cha mtu. Ni neno chungu kulisema mbele ya wazee, lakini sina namna ya kulipaka asali.

Yai likishamezwa hupasuka utumboni, na kiluwiluwi hutoboa ukuta wa utumbo, huchukuliwa na damu mpaka mapafuni, hupanda kooni, humezwa mara ya pili, ndipo hutulia tumboni na kukua. Safari hiyo yote, tangu yai kumezwa mpaka jike jipya kuanza kutaga, huchukua miezi miwili au mitatu. Kwa hiyo mtoto aliyesafishwa tumbo mwanzoni mwa muhula, akirudi kuchezea udongo ule ule, aweza kuwa na chango wakubwa kabla ya muhula mwingine kwisha. Dawa haikushindwa kazi yake. Iliwaua waliokuwamo, wakaingia wengine.

Safura ni mdogo, urefu wake kama sentimita moja tu, lakini ni mkali. Haungoji kuliwa. Kiluwiluwi chake hukaa katika udongo wenye unyevu na hupenya ngozi ya mguu usiovaa kiatu. Akifika utumboni hung'ata ukuta wake na kunywa damu. Mmoja hunywa kidogo sana, lakini wakiwa mamia, kwa miezi mingi, mtoto hupauka viganja na ndani ya kope, huchoka upesi, na mwalimu humwita mvivu. Wa tatu ni mnyoo mwembamba wenye umbo la mjeledi. Huu hukaa katika utumbo mpana, na ukizidi humletea mtoto kuhara damu na kamasi, na mara nyingine nyama ya ndani hutokeza nje anapojikamua.

Tena wako vijidudu wasioonekana kabisa, ambao si minyoo lakini huishi tumboni vivyo hivyo na huenea kwa njia ile ile: amiba, jiadia, na kimoja kiitwacho kriptosporidiamu. Hicho cha mwisho wengi wenu hamjalisikia jina lake, wala mimi sikulisikia nilipokuwa chuoni. Kati ya mwaka 2007 na 2011 watafiti walichunguza watoto wadogo wenye kuhara kukali katika nchi saba za Afrika na Asia, na mahali pao pa Kenya palikuwa hapa hapa jirani, Siaya. Walikiona kriptosporidiamu kuwa miongoni mwa visababishi vinne vikubwa vya maradhi hayo. Kidonge kile kimoja cha minyoo hakikigusi.

Najua ya kuwa wako wazee hapa wanaonisikiliza kwa adabu tu, huku moyoni wanasema kwamba kila mtu ana minyoo, na ya kuwa minyoo ikiisha mtu naye amekwisha. Neno hili si la kuchekwa. Katika miaka ya 1990 mtaalamu mmoja wa mila za watu, Wenzel Geissler, alikaa Bondo na watoto wa shule na wazazi wao, akaandika kwa heshima yale waliyomweleza: kwamba minyoo huzaliwa pamoja na mtu, husaga chakula chake, na hudhuru tu ikikasirika au ikizidi. Yeye na wenzake waliona pia ya kuwa kama watoto watatu kati ya wanne waliowauliza walikuwa wakila udongo kila siku, wakiuchimba kwenye kichuguu au kuubandua kwenye ukuta wa nyumba. Waliendelea kuwachunguza baada ya kuwapa dawa, wakaona ya kuwa kula udongo kunakwenda pamoja na kurudiwa na chango.

Mimi mwenyewe nilikula udongo utotoni. Ulikuwa mtamu baada ya mvua, sitawadanganya. Hata leo akina mama hununua odowa sokoni, hasa wakiwa waja wazito, na sikuja kupigana na odowa kwa siku moja. Lakini kuhusu minyoo kusaga chakula, nawaomba wazee wanivumilie: chakula husagwa na tumbo lenyewe, na chango huishi kwa kunyang'anya chakula kilichokwisha kusagwa. Mtoto hula kwa watu wawili, na anayekua ni mmoja.

Nilipokuwa kijana kazini, mbali na hapa, aliletwa mtoto wa kike wa miaka minne. Alikuwa hapati choo siku tatu, anatapika, na tumbo lake gumu kama ubao. Mama yake alikuwa amemkanda tumbo kwa mafuta na kumnywesha mitishamba, kwa sababu nyanya yake alisema minyoo imekasirika. Daktari alipompasua alitoa fundo la chango waliosokotana kama kamba ya katani, wakaziba utumbo kabisa. Nililishika beseni lile mimi. Mtoto alipona, namshukuru Mungu, na huenda sasa ni mama mwenyewe. Si kila mtoto mwenye minyoo hufikia hapo, wengi hawafiki. Lakini tangu siku ile sijaweza kuyatamka maneno "minyoo tu" kama watu wanavyoyatamka.

Basi nisieleweke kuwa nabeza dawa. Upande wetu huu wa magharibi umeifundisha dunia jambo juu ya dawa hiyo. Mwaka 1998 ulianza mradi katika shule 75 za msingi huko Busia, watoto wakapewa dawa ya minyoo kwa zamu, kundi moja la shule baada ya jingine. Wataalamu wa uchumi Edward Miguel na Michael Kremer walihesabu utoro, wakatoa habari mwaka 2004 ya kuwa katika shule zilizopewa dawa utoro ulipungua kwa robo. Wakaona pia ya kuwa hata watoto wa jirani ambao hawakumeza kidonge walinufaika, kwa kuwa udongo ulikuwa na mayai machache. Kremer huyo ndiye aliyepata tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na wenzake wawili mwaka 2019. Wataalamu wengine wameyabishia mahesabu hayo, hasa mwaka 2015, na mabishano hayajakwisha. Lakini habari iliyotolewa mwaka 2021 ilisema ya kuwa wale watoto wa Busia, wakiwa sasa watu wazima, waliotangulia kupewa dawa walikuwa wakipata kwa saa ya kazi ujira uliozidi wa wenzao kwa asilimia 13. Mwenye kupenda kubishana na abishane. Kidonge kinagharimu senti chache.

Serikali ya Kenya iligawa dawa shuleni kwa wingi mara ya kwanza mwaka 2009, kisha tangu mwaka 2012 ikafanya hivyo kwa mpango wa taifa zima, mamilioni ya watoto kwa mwaka. Wachunguzi wa KEMRI walipopima mwaka 2012 katika wilaya zenye minyoo, karibu theluthi moja ya watoto walikuwa nayo. Miaka mitano baadaye walikuwa chini ya sita moja. Huo ni ushindi, na walimu waliosimama juani wakigawa vidonge na maji wastahili shukrani. Lakini angalieni: baada ya miaka mitano ya dawa, sita moja hiyo ilikuwa bado imebaki, na haikubaki kwa sababu vidonge vilikwisha.

Kuna watoto ambao zoezi la shule haliwafikii, nao ndio wanaotambaa. Yule asiyeanza shule ndiye anayeweka kila kitu kinywani. Dawa yake iko: tangu atimize mwaka mmoja, nusu kidonge cha albendazoli, na tangu miaka miwili, kidonge kizima, mara mbili kwa mwaka, bila malipo katika kliniki ya watoto. Katika kile kitabu cha mama na mtoto kuna nafasi ya kuandika tarehe. Nimefungua vitabu vingi katika mtaa huu nikakuta chanjo zote zimeandikwa vizuri, na nafasi ya dawa ya minyoo nyeupe kabisa. Akina mama, mkienda kupima uzito, iulizeni kwa jina. Muuguzi ana watu sitini mlangoni, si ajabu akasahau.

Juu ya kichocho nitasema kwa ufupi, kwa sababu Migosi hatuko ufukweni. Lakini watoto wetu wana miguu, na siku za likizo miguu hiyo huwapeleka ziwani. Kichocho cha ziwa letu ni kile cha tumboni, si cha mkojo. Huletwa na konokono wadogo wanaokaa kwenye majani ya pwani ya ziwa, na kiluwiluwi chake hupenya ngozi ndani ya maji. Watafiti wamewafuata kwa miaka mingi vijana wanaoosha magari ziwani hapa Kisumu, wakiwatibu na kuona wengi wao wakiambukizwa tena. Huko Usoma, karibu na uwanja wa ndege, walipima watoto wa mwaka mmoja mpaka minne, wakakuta hata wa mwaka mmoja wanacho, kwa kuogeshwa tu maji ya ziwa. Dawa yake, prazikwanteli, ilikuwa chungu na kubwa mno kwa watoto hao. Kidonge kipya kilichotengenezwa kwa ajili yao kilijaribiwa Kenya na Kodivaa, nacho kilikubaliwa na wakaguzi wa dawa wa Ulaya mwezi wa Desemba 2023. Ikiwa mtoto wako huenda ziwani, mwambie tabibu, maana kidonge cha minyoo hakitibu kichocho.

Sasa nafika nyumbani.

Ninyi wenye nyumba wa Migosi mwajua ya kuwa mtaa wetu umesimama juu ya visima. Maji ya bomba hukatika, na kisima hakina bili. Wataalamu waliviandika visima vyetu pamoja na vya Manyatta katika ramani mwaka 1999, wakaandika na kila choo cha shimo. Wakapima maji ya visima 51 kati ya mwaka 2002 na 2004, wakarudi mwaka 2013 na 2014. Waliona ya kuwa vyoo vimezidi kusongamana, na ya kuwa hatari zinazozunguka visima zimeongezeka kuliko zamani. Hesabu ya vijidudu vya choo katika maji, kwa upande wake, ilikuwa imeshuka, na mwenye kisima aweza kushangilia hapo. Lakini visima vilikuwa bado vyatumika, na mashimo yalikuwa yamevisogelea.

Niliisoma habari hiyo ofisini nikatikisa kichwa kwa ajili ya wengine. Kwetu kuna ploti aliyoiacha marehemu baba, vyumba vinane, na uani kuna kisima alichokichimba kwa mikono yake na ndugu zake wawili. Maji yake ni baridi na hayana rangi. Wapangaji hunywa, majirani hununua kwa mtungi, nami nimesoma kwa fedha ya mitungi hiyo. Mwaka ule ule mwanangu wa miaka mitatu alianza kuhara, si kwa ukali, lakini mara kwa mara: choo chenye mafuta na harufu mbaya, tumbo limejaa upepo, chakula hakitaki. Tulimpa dawa ya minyoo, hakupata nafuu. Mke wangu ndiye aliyesema, "Peleka choo chake kwenye maabara, wewe ambaye hupeleka vya watu." Nikapeleka. Ilikuwa jiadia.

Jioni ile nilichukua kamba nikapima kutoka kisimani mpaka choo cha wapangaji. Mita 11. Mimi, ambaye kazi yangu ni kujaza fomu ya ukaguzi ambayo moja ya maswali yake huuliza kama kuna choo ndani ya mita 10, sikuwa nimewahi kupima uani kwangu. Na hizo 11 zisiwadanganye, kwa maana siku ya mvua kubwa maji ya chooni na ya kisimani huwa karibu kuzungumza. Penye nafasi hutakiwa mita 30. Nani kati yetu ana mita 30 Migosi?

Hapa kuna jambo ambalo watu huchanganya. Yai la chango ni zito na kubwa kuliko vijidudu vingine, na udongo mzuri huweza kulichuja lisifike chini. Jiadia na kriptosporidiamu ni wadogo zaidi, na hupita penye nyufa. Lakini hata chango huingia kisimani kwa mlango wa mbele. Ndoo huwekwa chini penye tope, kamba hukokotwa uani walimochezea watoto, kisha vyote viwili hutumbukizwa. Kwa hiyo kisima chaweza kuwa mbali na choo na bado kikawa kichafu kwa kamba yake.

Nilifanya nini? Kwanza nilikaa siku tatu bila kumwambia mtu, naona haya kukiri. Halafu niliwaita wapangaji. Niliwaambia ya kuwa kuanzia siku ile maji ya kisima ni ya kufua na kusafisha nyumba tu, na ya kunywa yatoke bombani na yachemshwe. Walinung'unika, na walikuwa na haki, kwa sababu mtungi wa bomba una bei na makaa yana bei, na mimi sikuwa nimepunguza kodi. Mzee mmoja aliyekaa kwetu tangu enzi za baba aliniuliza mbele ya wote, "Baba yako alitunywesha sumu?" Sikuwa na la kujibu. Baadaye nilipunguza kodi kidogo kwa kila chumba, nikajenga sakafu ya saruji kuzunguka mdomo wa kisima, nikakifunika na kutia pampu ya mkono ili ndoo isiingie tena. Fedha ya kuuza maji ya kunywa imekwisha, na kwa mwezi naiona pengo lake. Sisemi haya nipewe sifa. Nayasema kwa sababu kila mwenye kisima hapa atakutana na hesabu hiyo hiyo, na afadhali aijue mapema.

Dawa ya klorini ya kutia majini ni njema kwa vijidudu vingi vya kuhara, lakini kriptosporidiamu haiijali, na jiadia huistahimili kwa muda. Maji yakichemka mpaka yatoe mapovu makubwa, hakuna kati yao anayebaki.

Juu ya vyoo nitasema na wenye nyumba kwanza. Choo kimoja kwa vyumba vinane, chenye tundu pana na giza, mtoto wa miaka mitatu hakiingii. Huogopa kutumbukia, na ana akili. Huenda nyuma ya nyumba, na mayai yote tuliyoyataja huanza safari yao hapo. Tundu dogo katika pembe ya choo, lililotengenezwa kwa kimo cha mtoto, ni mfuko mmoja wa saruji au pungufu. Na shimo likijaa, msikubali wale wanaoliteka usiku na kulimwaga mferejini, kwa maana mfereji huo hupita mbele ya mlango wa mtu.

Akina mama nao wana neno lao ambalo nimelisikia tangu utotoni, kwamba choo cha mtoto mchanga hakina dhambi. Chaweza kubeba vijidudu kama cha baba yake. Kopo lenye mfuniko, na choo hicho kikamwagwa shimoni si jalalani, hakigharimu kitu. Matunda na mboga zioshwe kwa maji safi, makucha yakatwe, mikono ioshwe kwa sabuni baada ya kumtawaza mtoto na kabla ya kushika ugali. Hayo mmeyasikia mara nyingi, sitayarefusha.

Lakini nitawaambia na lisilonipendeza. Watafiti walifanya majaribio makubwa vijijini Bungoma, Kakamega na Vihiga kuanzia mwaka 2012. Jamaa nyingine zilijengewa vyoo, nyingine zilipewa klorini ya maji, nyingine mahali pa kunawia, nyingine vyote pamoja. Baada ya miaka miwili, watoto waliopewa vyote pamoja walikuwa na chango pungufu kwa sehemu kama moja ya tano. Waliopewa choo peke yake hawakuonyesha tofauti, na jiadia haikupungua kwa yeyote. Mtu aweza kusema basi kazi ni bure. Mimi naisoma hivi: choo cha nyumba moja hakimlindi mtoto anayecheza uani kwa jirani asiye na choo. Watafiti wengine walitazama sakafu za nyumba za watoto hao hao, wakaona ya kuwa waliolala penye saruji walikuwa na chango wachache kuliko waliolala penye udongo. Kwa hiyo mwenye nyumba anayefikiri kupaka rangi ukuta wa mbele mwaka huu, namwomba afikiri kwanza juu ya sakafu za vyumba.

Wala jambo hili si la watu maskini au la Afrika peke yake. Huko Japani, baada ya vita vilivyokwisha mwaka 1945, zaidi ya nusu ya watu walikuwa na chango, kwa sababu walitia choo cha watu katika mashamba ya mboga. Watoto wa shule walipeleka choo chao kupimwa mwaka baada ya mwaka, waliokutwa na minyoo wakatibiwa, na mbolea ile ikaachwa. Kabla ya miaka thelathini kwisha, daktari kijana wa Japani alikuwa akimwona chango kitabuni tu. Wale nao walianza kwa aibu, maana hakuna anayependa kubeba kibweta kile njiani kwenda shule.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Mambo mawili ya kazi na nimemaliza. Wazazi ambao mtoto wao amekunywa dawa na bado anahara au tumbo linavimba, msinunue kidonge kingine dukani. Leteni choo chake kituoni asubuhi, kiasi cha kijiko, katika kichupa safi chenye mfuniko, siku ile ile kilipotoka.

Na kuanzia Jumatatu nitapita ploti kwa ploti na kamba ya kupimia, nikianzia upande wa barabara kubwa. Sitakuja na polisi wala na faini. Nitaomba kuonyeshwa kisima, choo, na mahali watoto wanapochezea, na nitawaandikia hesabu ya mita katika karatasi mbili, moja yenu, moja yangu. Yule anayetaka kuiona karatasi ya kwetu kabla ya kunifungulia mlango, ninayo hapa mfukoni.